Kesi ya Limao

Nyumbani kwetu limao lilikuwa dawa ya kila kitu, isipokuwa kwa watu wenye damu. Namaanisha hivyo hivyo nilivyosema. Bibi, mama yake mama, aliyenilea kwenye kihamba chake, ndilo shamba letu la migomba la nyumbani, kule Kibosho tangu siku niliyozaliwa, alikamulia limao kwenye maji ya moto na asali mtu akishikwa na mafua. Alilipaka kwenye upele. Alisugulia mikono akishaosha dagaa. Akienda mjini alilishika mkononi safari nzima, akilinusa, ili asitapike ndani ya gari. Nyama ya kuchoma bila limao aliiita chakula cha wagonjwa. Lakini mwanamke ambaye bado anaona siku zake, na zaidi mwanamke mwenye mimba, hakuruhusiwa hata kulamba kisu kilichokatia limao. Sababu ilikuwa na maneno matatu tu: limao linakausha damu.

"Na wewe mbona unakula?" nilimuuliza nikiwa bado mdogo.

"Mimi damu yangu ya nini tena," alisema, akaendelea kutafuna.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimeambiwa hivyo na walimu, na mume wangu, na hata padri mmoja aliyekuja kutufundisha kipaimara akaondoka kabla ya wakati. Kitu kikiniingia kichwani hakitoki mpaka nikigeuze pande zote. Na hili la limao liliniingia mapema sana, kwa sababu mama yangu alikufa akinizaa mimi, kwa kutokwa na damu, na limao ndilo lililobeba lawama. Nilikua nikilijua hilo kama nilivyojua jina langu. Mimba yangu ilimpa mama hamu ya vitu vikali, akala malimao asubuhi na jioni, na siku ya kujifungua damu ikamwagika ikagoma kusimama. Ndivyo ilivyosimuliwa kwetu, na ndivyo ilivyosimuliwa kwa majirani, na wasichana wote wa upande ule wa mlima walionywa kwa mfano wa mama yangu.

Nilikuwa na umri wa kama miaka tisa nilipoona kwamba hesabu haikubali. Tulikuwa tunakula.

"Bibi, limao si linakausha damu?"

"Ndiyo."

"Sasa kama linakausha, ya mama mbona ilimwagika?"

Bibi alinyooshea mwiko sahani yangu. "Iliyomwagika ni ile iliyokuwa haijakauka bado," alisema. "Maliza maharage yako."

Nikayamaliza. Lakini jibu lile sikulimeza, na nadhani naye alijua.

Sasa nije kwa dada yangu, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Tulizaliwa wawili tu. Amenitangulia miaka sita, yeye mama anamkumbuka. Baba alikwishaoa mke mwingine na kuhamia Arusha. Tulimwona Krismasi, kama watu wengine walivyowaona watu wao wa mjini. Dada aliolewa miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa na kila kijana aliyechoshwa na bei ya kahawa akakimbilia mpakani. Mume wake alikuwa Holili, akivusha mafuta ya kula, betri na nguo za mitumba, na dada akawa naye huko kwenye chumba cha kupanga, kwenye joto na vumbi. Alipopata mimba ya kwanza mume wake aliona ni heri apande mlimani akalishwe na bibi, kwa kuwa mama mkwe alishafariki.

Alishuka kwenye gari akiwa amepauka. Sijui nisemeje vizuri zaidi. Dada yangu ni mweusi wa kung'aa, na siku hiyo alikuwa na rangi ya majivu yaliyopoa. Kutoka barabarani mpaka nyumbani alipumzika kila tulipopata kivuli, akijifanya anatazama migomba. Usiku chakula kilimshinda, lakini kesho yake nilimkuta nyuma ya banda la ng'ombe anatafuna udongo wa kichuguu, mkavu, kwa utamu kabisa, kama mtu anayekula biskuti.

"Usimwambie bibi," alisema.

"Una ladha gani?"

"Ya mvua ya kwanza." Akacheka. "Lakini ninachokitaka hasa ni limao. Naota malimao, mdogo wangu. Nikiamka mate yamejaa mdomoni."

Nilimsindikiza kliniki kwenye zahanati ya parokia. Nesi alikuwa mwanamke wa Tanga, mnene, mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi wa mlimani tukajisikia tunaongea na mawe mdomoni. Alimvuta dada kope ya chini akatazama. Akamfungua kiganja akatazama. Akamtoboa kidole, akaenda na tone lake la damu, akarudi bila tabasamu.

"Mama, damu yako ipo chini mno," alisema. "Kila mwanamke akijifungua anatoka damu, hilo ni la kawaida. Mwenye akiba haimsumbui. Wewe akiba huna. Ukitoka damu ya kawaida tu, tunaweza kukupoteza."

Alisema hivyo, wazi, mbele yangu. Dada alinitazama, na nikajua tunawaza mtu mmoja.

Nesi akampa vidonge vya kuongeza damu. "Hivi visimezwe kwa chai," alisema. "Chai inavizuia mwilini. Meza kwa maji yaliyokamuliwa ndimu. Na mboga zako za majani, na maharage, kamulia ndimu. Ile ndimu inausaidia mwili kuyachukua madini ya chuma. Umenielewa?"

Dada alisema ameelewa. Tulipofika njiani akanishika mkono. "Amesema ndimu," alisema. "Hakusema limao."

Msomaji wa pwani atacheka, lakini kwetu tunda lolote kali la namna hiyo, liwe dogo la kijani au kubwa la manjano, tuliliita limao tukamaliza. Ndimu tulilisikia kama neno la redioni. Kwa hiyo njia nzima ya kurudi tulipanga, wawili sisi, jinsi ya kumweleza bibi kwamba nesi ameagiza kitu kingine kabisa kiitwacho ndimu, na kwamba kitu hicho hakina undugu na limao. Mimi nilijua tunajidanganya. Dada, nadhani, alitamani sana kudanganyika.

Bibi alitusikiliza mpaka mwisho. "Ndimu," alisema, "ni limao lililodumaa." Akaenda kumkamulia dada maziwa.

Tangu siku hiyo vidonge vilimezwa kwa chai ya maziwa, kikombe kikubwa, asubuhi na jioni, kwa mkono wa bibi mwenyewe. Wala msidhani alikuwa mzembe. Sijaona mtu akilishwa kama dada yangu alivyolishwa. Mtori wa ndizi na nyama ulipikwa kila siku. Mnafu, ile mboga yetu chungu, ulichumwa ukiwa na umande. Mjomba aliitwa akachinja mbuzi, ili dada apate supu na kisusio, yaani ile supu ya damu ya mbuzi wanayopewa wanawake wetu wajawazito na waliojifungua ili damu irudi. Kila kitu kilichojulikana kuongeza damu kiliingia kwenye sufuria ya bibi, isipokuwa kile alichosema nesi.

Na ilikuwa siku ya mbuzi huyo bibi aliponifungulia kesi rasmi. Nilikuwa nimemsumbua wiki nzima na maneno ya nesi. Mjomba alipomaliza kukoroga damu isigande, bibi alichota kidogo kwenye kikombe cheupe cha bati, akaniita, akampa na dada kigoda. Akaniwekea nusu limao kiganjani.

"Kamua."

Nikakamua. Yesu wangu. Ule wekundu ulikimbia mbele ya macho yangu. Damu ikawa ya kahawia, kisha ikawa na chembechembe, nzito, kama masalia ya kahawa chini ya birika. Nilitikisa kikombe, haikurudi. Dada alifunika mdomo akaondoka.

"Sasa nenda kamwambie nesi wako," bibi alisema.

Ushahidi ule ulinimaliza nguvu. Tulifundishwa shuleni kwamba ukitaka kujua jambo lifanyie jaribio, na bibi, ambaye shule aliishia kuiona kwa nje akipita na majani ya ng'ombe, alikuwa amefanya jaribio na jibu limetoka. Limao lilikausha damu. Nililiona.

Jioni ile nilipewa vyombo nivioshe, na kikombe kingine bado kilikuwa na mabaki ya damu nyekundu chini. Pembeni kulikuwa na birika la chai, bado inatoa moshi. Sikuwa na mpango wowote. Mkono wangu tu ndio uliotaka kujua. Nikamimina chai juu ya damu.

Ikawa kahawia pia. Tena mbaya zaidi, iliganda mabonge. Nikajaribu maji ya moto matupu kwenye tone lililobaki, ikawa vilevile. Nikabaki nimechuchumaa pale na kikombe changu, nikiwaza kwamba kama ndivyo hivyo, basi bibi amekuwa akijikausha damu kwa chai kila asubuhi tangu enzi za mkoloni, na bado anapanda mlima na mzigo wa majani kichwani.

Nilikwenda kumwonyesha. "Bibi, chai nayo imekausha."

Alitazama kikombe, akanitazama mimi. "Umeharibu damu ya kisusio," alisema. "Mtoto una mkono wa hasara wewe."

Nilichokuwa nimeanza kukihisi, ila sikuwa na maneno yake, ni kwamba damu ya kikombeni si damu ya mwilini. Kati ya mdomo na mshipa kuna safari. Lakini safari hiyo ikoje? Limao likishamezwa linakwenda wapi, na linafika likiwa bado limao?

Jibu alinipa dada bila kujua. Asubuhi zake zilikuwa mbaya. Kila akiamka alitapika, na mimi ndiye niliyeshika beseni. Siku moja alitapika akiwa hajala kitu, yakatoka maji tu, akafuta mdomo kwa khanga akakunja uso.

"Makali haya," alisema. "Yanachoma koo kama limao."

Nilisimama na beseni langu. "Limao umelila lini?"

"Nitalila wapi? Si unajua."

"Sasa hilo limao limetoka wapi?"

Dada aliniambia niende nikamwage beseni, yeye si mtu wa kufanyiwa mtihani asubuhi. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata. Ukali ule ulikuwa wake. Mtu hajala kitu kikali wiki na wiki, na bado tumboni mwake kuna kitu kikali kama limao. Sote tunacho. Nakumbuka nikiwa na njaa nacheua na koo linawaka. Basi tumbo lenyewe ni limao, na halijamkausha mtu. Nilikimbia shuleni siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote, nikamngoja mwalimu wa bayolojia mlangoni, naye akanithibitishia huku akitafuta chaki: tumboni kuna asidi, kali kuliko ya limao, na damu haiguswi nayo. Aliniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia ni kwa ajili ya dada yangu.

Nilimkuta bibi anapalilia karibu na mfereji wetu wa maji. Nilimwamkia, nikachukua jembe la pili, nikamweleza yote, polepole, nikiwa na furaha iliyopitiliza. Nilidhani nimemletea zawadi. Tumbo lina ukali wake, bibi. Limao likiingia linakuta wenzake. Haliendi kwenye damu. Linachofanya ni kusaidia tu kile kidonge na ule mnafu viingie mwilini. Chai ndiyo inayozuia.

Aliendelea kupalilia mpaka nikamaliza. Kisha akasimama.

"Kwa hiyo si limao," alisema.

"Si limao."

"Basi ni nini?"

Sikuelewa anauliza nini. Nikasema, "Nini kuhusu nini?"

"Mama yako. Kama si limao, ni nini?"

"Sijui, bibi."

"Hujui," alisema, akalitupa jembe chini. Sijawahi kumwona hivyo. "Basi kama hujui, nyamaza. Usilirudie hilo jambo hapa wala kwa majirani. Umenisikia?"

Nilisikia. Nilihisi hasira, niseme ukweli, kwa sababu nilikuwa nimepata jibu na jibu langu limekataliwa bila hoja. Nilimwendea dada nikamwambia ale malimao, mimi nitamletea. Alikataa. Alisema chakula cha kujificha hakitamkaa tumboni. Kisha akasema la kweli zaidi, kwamba anaogopa: siku ya kujifungua damu ikitoka kidogo tu, atakufa kwa hofu kabla ya kitu kingine, akijua amefanya kama mama. "Bibi akisema kula, nitakula," alisema. "Asiposema, niache."

Kwa hiyo maisha ya dada yangu yakawa yameshikwa na neno moja la mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alimpenda kuliko roho yake.

Jumapili moja kanisani, tuliposimama kwa Injili, dada hakusimama. Aliinuka nusu, akashika benchi la mbele, akaanguka pembeni. Wanaume walimbeba nje wakamlaza kwenye nyasi. Bibi alikaa chini na nguo zake za misa, akakiweka kichwa cha dada mapajani, akamfungua kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao. Kiganja kilikuwa cheupe. Bibi alikitazama muda mrefu, akakisugua kwa kidole gumba, akakitazama tena.

Kule zahanati nesi alipomaliza kumpima aliuliza vidonge anamezea nini. "Chai," nilisema.

"Nilisema nini kuhusu chai?" Hakupandisha sauti. Alimgeukia bibi, akamwamkia kwa heshima, shikamoo, akaitikiwa. "Bibi yangu, mimba imekua. Ikibaki hivi, hapa simzalishi. Ataenda hospitali ya mjini, na huko watatafuta ndugu wa kumtolea damu, na wasipopatikana haraka mimi sina la kukuahidi."

Bibi alisema, "Aika," ambayo ni asante yetu, akafunga khanga yake vizuri, tukarudi nyumbani kwa mwendo wa dada.

Siku ya soko bibi alitoka peke yake. Alirudi na malimao ya wale wanawake wa Kahe, waliopandisha matunda yao mlimani kila soko. Hakutusemesha. Alipika mnafu, akapakua kwenye sahani, akakata limao, akakamua juu yake mpaka la mwisho. Akachota kwa vidole akaonja yeye kwanza, akasimama kidogo kama anasubiri kitu kimtokee. Kisha akamsogezea dada.

"Kula."

"Bibi, ni limao."

"Nimesema kula."

Dada alikula. Alikula huku machozi yanashuka, kwa utamu au kwa hofu sijui, akalamba na sahani. Bibi alitugeuzia mgongo, akasimama mlangoni anatazama migomba yake. Jioni alimpa kidonge na maji ya limao, na chai akamwambia ataipata baadaye, katikati ya milo, kama nesi alivyosema.

Siku hizi nasikia mengi yanayosemwa juu ya limao. Kwamba linayeyusha mafuta ya tumbo, linasafisha ini, linatibu kisukari, linatibu mpaka mapenzi yaliyopoa. Nina rafiki anayekunywa maji ya limao kila alfajiri na meno yake yameanza kulalamika. Mimi siamini hayo, na nikiulizwa ninasema nilichokiona. Limao halikumtengenezea dada damu. Damu ilitoka kwenye vidonge, na mnafu, na maharage, na mbuzi wa mjomba. Limao lilifungua mlango tu. Wekundu ulirudi polepole, kwanza kwenye ulimi, halafu ndani ya kope, kisha kwenye viganja. Aliacha kupumzika kwenye vivuli. Na udongo wa kichuguu, aliokuwa akiula kwa kujificha, siku moja alisema haumtamanishi tena, unanuka udongo tu. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mwili ulikuwa ukitafuta kitu, hata kwenye kichuguu, na ulipokipata ukaacha kutafuta.

Majirani waliona. Mlimani kihamba kinapakana na kihamba, na huwezi kukamua limao bila mtu kusikia harufu. Wanawake walipita kumsalimia dada na kutazama sahani yake. Hawakusema kitu mbele ya bibi. Walikuwa wanangoja siku ya kujifungua.

Siku ilifika, mchana wa jua, na nesi alikubali kumzalisha pale pale zahanati kwa sababu damu ilishapanda. Bibi na mimi tulikaa nje kwenye benchi. Hakusali kwa sauti, hakula, hakuniruhusu hata kumshika mkono. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama.

Nesi alitoka akijifuta mikono. "Mtoto wa kike," alisema. "Mama yake mzima. Damu imetoka ya kawaida, na imesimama."

Wanawake waliokuwa wakingoja zamu zao walipiga vigelegele. Mimi nilimkumbatia nesi mpaka kofia yake ikaanguka. Nilipogeuka nilimkuta bibi amekaa tena kwenye benchi, ameinamisha kichwa, analia. Hakulia kwa furaha. Kilio cha furaha nakijua, na kile hakikuwa hicho.

Nilikaa karibu naye. "Bibi, amepona. Unalia nini?"

"Limao limeshinda," alisema.

"Si ndiyo vizuri?"

Alijifuta kwa ncha ya khanga. Akaanza kuniambia kwa sauti ya chini, kwa Kichagga, akiwa anatazama mbele.

"Malimao nilikula mimi mwenyewe, mimba zangu zote. Mama yako nilimbeba kwa malimao. Yeye alipokuwa na wewe nilimpelekea mimi, kikapu kwa kikapu. Hakuna aliyeona vibaya. Alipokufa, siku ya matanga, upande wa baba yako walikaa wakasema huyu mtoto ameingia na kisirani. Amemuua mama yake. Mmoja akasema asinyonyeshwe na mtu. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, wanayasema hayo nawe unasikia. Nikawaangalia. Nikaona wanataka mtu wa kumlaumu, na wasipopewa mwingine watakuchukua wewe. Nikasema ni limao. Nikasema nililiona kwa macho yangu, alikula malimao yakamkausha damu. Nikachukua panga nikaukata mlimao wangu mbele yao wote. Wakaniamini."

Nilimsogelea zaidi kwenye benchi.

"Nimelisema miaka yote hiyo," aliendelea. "Ukilisema hivyo kila siku unaanza kuliona. Siku ya mbuzi, damu ilipogeuka kikombeni, nilifurahi, mjukuu wangu. Nilisema moyoni, kumbe sikudanganya. Halafu ukaniletea lile tumbo lako. Na leo kila mtu kwenye ukanda huu anajua dada yako amekula malimao na amezaa salama." Aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Watauliza kama nilivyokuuliza wewe. Basi ni nini? Nikiliachia limao, watarudi kwako."

Ndani mtoto alikuwa anaanza kulia, na mtu akacheka. Nilitazama mikono ya bibi, ile iliyokamua limao juu ya sahani ya dada akijua analoliachia. Miaka kumi na sita alikuwa amenikinga kwa tunda.

"Bibi," nilimwambia, "mimi sasa ni mkubwa. Waache waje."